Vijineno vya Ghislaine

Kuna watu wanakusanya stempu, kuna wanaofuga njiwa, na kuna wale ambao usingizi hauwajii mpaka wamejua jirani amepika nini. Ghislaine Brangier yeye alikuwa na vijineno vyake. Maneno makubwa makubwa aliwaachia wenyewe. Alipenda yale madogo yanayopita mdomoni bila mtu kuyatazama usoni: kwa, katika, bila, mpaka, isipokuwa. Vihusishi, kwa jina la shuleni. Vihusishi vya Kifaransa, tangu enzi za Warumi mpaka jana jioni.

"Mnajua dada yangu anasomea nini chuo kikuu?" kaka yake Norbert alikuwa akiuliza kila akipata watu wawili wa kumsikiliza. "Anasomea 'kwa'! Mtu mzima na mvi zake, miaka zaidi ya kumi, anasomea 'kwa'. Akimaliza hiyo ataanza 'na', na hapo ndipo mtakaponizika mimi."

Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ghislaine naye anacheka, maana Norbert ndivyo alivyo, ukimkasirikia unapoteza muda wako. Lakini ilimuuma. Tusidanganyane, ilimuuma.

Alikuwa mwalimu wa sekondari, umri hamsini na saba, mume hana wala hamtafuti, paka anaye na ana dharau. Aliishi na mama yake, Bi Armande, katika nyumba ile ile aliyozaliwa, kitongoji cha Chez Brangier. Huku kwetu Charente, magharibi mwa Ufaransa, ndivyo vitongoji vingi vinavyoitwa: chez fulani, yaani kwa fulani. Chez Brangier, Chez Rullier, Chez Piet. Ukitoka kwa huyu unaingia kwa yule, na mgeni akipotea anarudi kuuliza njia kwa mtu yule yule aliyempoteza.

Na hiyo chez ndiyo iliyomroga. Siku alipogundua kwamba zamani neno hilo lilikuwa nyumba, nyumba kabisa, ilibidi akae chini. Warumi walisema casa: kibanda chenye mlango, moshi na kuku. Watu wakawa wanasema 'katika nyumba ya fulani, katika nyumba ya fulani' kutwa kucha, karne baada ya karne, mpaka ndimi zikachoka. Mkia wa neno ukakatika, paa likaenda, kuta zikaenda, kikabaki kijineno kimoja ambacho huwezi kukijenga wala kukipangisha. Kazi yake ni kungoja jina la mtu lije nyuma yake.

Wala haikuwa peke yake! Pendant, ambayo leo ni 'wakati wa', zamani ilikuwa kitu kinachoning'inia. Malgré, 'licha ya', ilikuwa kinyongo cha mtu. Sauf, 'isipokuwa', ilikuwa mtu salama salimini, hana hata mkwaruzo. Kila neno lilikuwa na maisha yake, na kila moja likaishia kuyatumikia maneno mengine. Na vingine vinazaliwa sasa hivi, mbele ya macho yetu. Niveau, maana yake kiwango, siku hizi watu wameigeuza kihusishi: niveau mkate tuko sawa, niveau mapenzi hali mbaya. Ghislaine akiisikia hiyo kwenye foleni ya mkate, moyo unamruka kama wa msichana aliyeitwa kucheza dansi. Muuza mkate alishamzoea. Akimwona anatabasamu peke yake anasema tu, "Mwalimu kaokota kingine," na kuendelea kufunga mikate.

Sasa, raha yote hiyo ilikuwa tasnifu, na tasnifu ina mwisho. Chuo kikuu kilimwongezea muda, kikamwongezea tena, mpaka wao wakaacha kuona aibu na aibu ikabaki kwake. Safari hii walimwambia wazi: mwaka huu ukiisha hujatetea kazi yako mbele ya jopo, jina lako linafutwa, udaktari uusahau. Siku ikapangwa, Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi, maprofesa wanne. Ikikosekana hiyo hakuna nyingine.

Na kati ya hao wanne alikuwamo Profesa Wendling wa Strasbourg. Mama huyo alikuwa ametoa maoni yake mapema, na Ghislaine aliyasoma mpaka akayakariri: "Mtahiniwa anatueleza vizuri jinsi nyumba ilivyogeuka kuwa kihusishi. Kwa nini iligeuka, hasemi. Nitamuuliza." Nitamuuliza! Na Ghislaine hakuwa na jibu. Alilitafuta vitabuni, alilitafuta bafuni, alimuuliza hata paka. Wapi!

Ijumaa ikafika. Norbert akampeleka mjini kwa lile gari lake la kubebea mbwa wa kuwinda, kwa sababu desturi ni kwamba anayetetea tasnifu ndiye anayelisha watu baadaye, na Bi Armande alikuwa amepika kana kwamba jopo linatoka gerezani. Mikate ya nyama, jibini la mbuzi, keki, na chupa za pineau, mvinyo mtamu wa kwetu. Gari lilinukia chakula juu na mbwa chini.

Wakafika kwenye lango la chuo, wakakuta mlima. Viti, meza, mapipa ya taka, godoro moja lililolowa, vyote vimepandishwa mpaka kizingiti cha juu. Wanafunzi wamegoma. Juu ya mlima ameketi msichana mwenye kofia ya sufu na kipaza sauti.

"Hakuna kuingia!" akatangaza, kisha akakodoa macho. "Haa! Mwalimu Brangier?"

Akateremka mbio na kumbusu mashavuni. Alikuwa Perrine, Ghislaine alimfundisha huyu kuandika insha.

"Perrine, mwanangu, nina utetezi wangu saa nane."

"Najua, mwalimu. Tumeliona tangazo. Tumekupigia kura kabisa."

"Mmenipigia kura ya nini?"

"Upite au usipite. Umekosa kidogo tu! Mimi nilinyoosha mkono upite, haki ya Mungu. Lakini ndiyo hivyo, wengi wape."

"Mwanangu, nikikosa leo nimekwisha. Hakuna siku nyingine."

"Si ndiyo maana tunagoma, mwalimu? Kwa ajili ya watu kama wewe!" Akambusu tena, akapanda zake juu ya mlima.

Norbert alitaka kuuvunja mlima ule kwa gari. Ghislaine akamshika koti. Alitaka kulia, na wakati huo huo kicheko kilikuwa kinampanda kooni, maana miaka yote hiyo alikuwa akiogopa swali, akiogopa kusahau, akiogopa kujikwaa, na hakuwahi kuogopa godoro.

Ng'ambo ya barabara, kwenye manyunyu, maprofesa wanne walikuwa wamesimama na masanduku yao wakimtazama. Profesa Maublanc, aliyemsimamia miaka yote, alikuwa kwenye simu na wakubwa wa chuo. Akakata simu, uso umemsawijika.

"Wanasema tufanyie popote," akasema. "Sharti pawe mahali pa umma, mlango usifungwe, na yeyote anayetaka kusikiliza aingie. Lakini popote ni wapi, jamani? Leo, saa hizi?"

"Treni yangu ni jioni," alisema Profesa Wendling, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. "Sitalala hapa."

"Twendeni kwetu," alisema Norbert.

"Norbert, nyamaza."

"Ninyamaze nini? Ukumbi wa kijiji uko wazi. Wawindaji tuna karamu yetu ya mwaka, sawa, lakini saa hizi wako kwenye kupika tu, na hawaumi. Paa lipo, moto upo, meza zipo. Au mnataka na zulia?"

Mwenyekiti wa jopo, Profesa Kerdoncuff, mzee mwembamba kutoka Bretagne, alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Alikuwa amesogea taratibu mpaka nyuma ya gari, pua mbele. "Huo ni mkate wa nyama?" akauliza. Alipojibiwa kwamba ndio, akasema kwa maoni yake ukumbi wa kijiji ni mahali pa umma bila shaka yoyote.

Basi, jopo likapakiwa. Profesa Wendling alikaa mbele, manyoya ya mbwa yakimpanda sketi. Maublanc na profesa wa nne walibanana na keki. Mwenyekiti alikaa juu ya gunia la viazi, na walipokuwa wanapanda kilima alisikika akitafuna.

Wawindaji walipoona gari limeingia walitoka nje wote na fulana zao za rangi ya machungwa, mikono imejaa unga na vitunguu saumu. Norbert akawaelezea kwa sentensi mbili. Mmoja akauliza, "Hao wote wamekuja kwa ajili ya 'kwa'?"

"Wote," alisema Norbert, na Ghislaine akashangaa kusikia sauti yake ina majivuno.

Meza ikasogezwa chini ya kichwa cha nguruwe mwitu kilichotundikwa ukutani. Kwa kuwa mlango haukutakiwa kufungwa, Norbert aliweka gogo ukae wazi kabisa, na upepo wa Desemba ukaingia bila hodi, ukifuatwa na mbwa, wake za wawindaji, muuza mkate, na padri aliyekuwa akipita. Mbwa mmoja mzee akazunguka ukumbi, akachagua miguu ya Profesa Wendling, akalala juu yake na kushusha pumzi ndefu. Profesa alimtazama, akamsukuma kwa ncha ya kiatu. Mbwa akaona anabembelezwa.

"Umma unakaribishwa," Profesa Kerdoncuff alitangaza, "ila umma hausemi. Haupigi makofi, hauulizi, haujibu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" ukumbi ukaitikia kwa pamoja.

Ghislaine akaanza. Alieleza nyumba ya Warumi ilivyopoteza mkia na paa. Alieleza kinyongo na kinachoning'inia. Akaeleza kwamba hata vihusishi hufa. Kipo kimoja, lez, maana yake kando ya, hakuna anayekisema tena na kimezikwa kwenye vibao vya barabarani, katika majina ya miji.

"Kweli kabisa!" alipaza sauti mwindaji mmoja. "Shemeji yangu anakaa kwenye mji wa hivyo!"

"Umma!" alisema mwenyekiti.

"Samahani, mzee."

Akaendelea mpaka kwenye niveau, na hapo ikawa balaa, maana kila mtu mle ndani alikuwa ameisema asubuhi ile. Minong'ono ikaanza, huyu anamshitaki yule. "Wewe ulisema niveau chumvi!" "Nani, mimi?" "Wewe!" Profesa Kerdoncuff akagonga meza kwa chupa, kisha akashtuka kuona ni chupa.

"Nikisikia sauti moja tena," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "nafunga kikao. Utetezi utakuwa haupo, na mtahiniwa atakwenda nyumbani mikono mitupu. Mnataka hivyo?"

Loo! Ukumbi ukawa kaburi. Norbert alisimama mbele ya wenzake amekunja mikono, uso mwekundu, akimkazia macho kila anayevuta pumzi. Mmoja alitaka kukohoa, akatoka nje kukohoa, akarudi. Ghislaine aliona hivyo, hakuamini. Watu hawa hawajawahi kunyamaza hata kwenye mazishi.

Ikaja zamu ya Profesa Wendling. Akavaa miwani. Hakuwa na haraka.

"Bi Brangier, kazi yako nimeifurahia, na si kawaida yangu. Lakini nitakuuliza nililosema nitakuuliza. Umenionyesha hatua zote: nyumba, kisha nusu nyumba, kisha kihusishi. Ni ngazi nzuri. Kwa nini neno liliishuka? Neno zima, lenye kazi yake na heshima yake, linakubalije kuachwa tupu?"

Ghislaine akafungua mdomo. Akasema yale ya vitabuni: kwamba neno linalotumika sana husagika, kwamba kinachosemwa kila siku hufupishwa. Alijisikia anasema, na alijua hajibu. Ni kama kuulizwa kwa nini mtu kaondoka, ukajibu kwamba alipita mlangoni. Akasimama katikati ya sentensi, akasahau ilikuwa inakwenda wapi.

"Ndiyo," alisema Profesa Wendling polepole. "Hayo nayajua." Akavua miwani na kuandika kitu kifupi. Profesa Maublanc akatazama dari. Ghislaine akaona kazi yake yote inamtoka mkononi, hivi hivi, pale pale, chini ya kichwa cha nguruwe.

Sasa, kuna desturi moja ya zamani katika mambo haya. Jopo likimaliza maswali, mwenyekiti hugeukia watu na kuuliza kama kuna daktari yeyote ukumbini mwenye swali. Ni adabu tu. Mjini hakuna anayejibu, watu wanataka kwenda kunywa. Profesa Kerdoncuff akauliza kwa mazoea, huku macho yake yako kwenye mikate ya nyama.

Nyuma kabisa, mkono ukanyooshwa.

"Kaa chini, we Gombaud!" Norbert alimnong'oneza kwa ukali. "Unataka kutuulia mtu?"

Lakini Gombaud alikuwa amekwisha simama. Huyu ni daktari wa mifugo, mtu mpole mwenye masharubu na haya nyingi, ambaye akizungumza na mwanadamu humtazama kwenye kwato.

"Wewe ni daktari?" aliuliza Profesa Wendling. "Wa nini?"

"Wa wanyama, Profesa. Tasnifu yangu ilikuwa juu ya minyoo."

"Minyoo."

"Ya mbuzi. Walinipa alama nzuri."

Maprofesa wakainamiana, wakanong'ona. "Kanuni inasema daktari," alitangaza mwenyekiti, "haisemi wa nini. Uliza, Daktari mwenzetu."

Gombaud akakamata kofia yake kwa mikono miwili. "Mimi si wa huku," akasema. "Nilipohamia nilikuwa nikipotea kila siku kwa sababu ya hivi vitongoji. Sasa sipotei. Ila kimoja kinanisumbua. Kule chini mtoni kuna Chez Fouquet. Fouquet wa mwisho alikufa mimi sijazaliwa. Nyumba ilianguka, jiwe la mwisho walilichukua kujengea banda. Pale ni upupu na mijusi. Na bado watu wananipigia simu: Daktari njoo upesi, ng'ombe anazaa Chez Fouquet. Fouquet hayupo. Nyumba haipo. Na mimi naenda, na sikosei." Akameza mate. "Swali langu ni hili, Bi Ghislaine. Naenda wapi, hasa?"

Hakuna aliyecheka. Ghislaine alimtazama Gombaud, akayatazama na masharubu yake, na kitu kikamjia kutoka tumboni kwenda juu, kama chafya. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika meza.

"Profesa Wendling," akasema akifuta macho, "naomba radhi, nimekujibu upuuzi. Nimesema neno liliachwa tupu, kama gunia. Si kweli! Mtu aliyesema 'naenda katika nyumba ya Fouquet' alikuwa anataka nini? Kuta? Moshi? Hapana! Alikuwa anamtaka Fouquet! Nyumba ilikuwa njia tu ya kumfikia. Basi ndimi zikatupa mawe, zikatupa paa, zikabakiza kile watu walichokuwa wanakitaka tangu mwanzo. Lingebaki nyumba, lingeanguka na nyumba. Lilipoacha kuwa nyumba, likaweza kwenda kila mahali mtu alipo! Leo tunasema chez nyuki. Tunasema chez watu wa kale. Nyuki wana sebule? Watu wa kale wana anwani?"

Alikuwa ameondoka nyuma ya meza, anatembea, mikono hewani, nywele zimemtoka kwenye kibanio.

"Na malgré ni hivyo hivyo, watu walitupa chuki wakabakiza kizuizi! Na pendant, walitupa kamba wakabakiza kile kitu ambacho hakijaanguka bado! Hakuna aliyeibiwa, Profesa. Maneno haya hayakufilisika. Yalihama. Tazameni sisi wenyewe! Asubuhi tulikuwa na jengo, lina nguzo na sanamu. Jengo limebaki kule na godoro lake. Na utetezi huu uko wapi? Uko hapa, kwa sababu ninyi wanne mko hapa, na hawa wako hapa. Daktari, unauliza unakwenda wapi? Unakwenda kwa watu. Wanaojua pa kukuita."

Kuni zikapasuka mekoni. Ghislaine akaona amesimama katikati ya ukumbi mkono mmoja juu, akaushusha.

"Na hayo uliyosema," Profesa Wendling akauliza, "yako ukurasa gani?"

"Hayamo, Profesa. Yamenijia sasa hivi."

"Naona," alisema Profesa Wendling, na uso wake haukuonyesha kitu.

Kanuni inataka watu watoke ili jopo lishauriane. Wawindaji wakakataa. Si kwa ubishi, la. Nguruwe alikuwa jikoni, na nguruwe akiachwa dakika hizo za mwisho anakauka. Wakajadiliana kwa ishara, kwa kuwa bado walikuwa wanaogopa kusema. Mwishowe jopo lenyewe likatoka, likapelekwa kwenye chumba cha baridi cha nyama, penye taa na mlango unaofungika, na Norbert akawafungia humo pamoja na nguruwe watatu wengine wanaoning'inia. Mbwa mzee akalala kizingitini kumngoja Profesa wake.

Ghislaine alikaa kwenye benchi. Kicheko kilikwisha, na palepale woga ukarudi na ndugu zake wote. Je, kama alikuwa amechanganyikiwa tu? Je, kama ameongea kama mlevi mbele ya maprofesa wanne? Wendling atasema: jibu lisilomo kitabuni si jibu. Naye atakuwa na haki. Norbert alikuja kukaa kando yake, mzito, benchi ikalia.

"Ile ya Fouquet," akamnong'oneza. "Mimi nimeielewa."

"Kweli?"

"Yote. Kumbe si 'kwa' tu."

Ghislaine alimwegemea bega, na hawakuwa wamefanya hivyo tangu wakiwa wadogo.

Mlango wa baridi ukafunguliwa. Maprofesa wakatoka, midomo ya buluu, mwenyekiti akitetemeka, wakajipanga chini ya kichwa cha nguruwe. Watu wote wakasimama, maana ndivyo inavyotakiwa. Ghislaine alisimama naye.

"Ghislaine Brangier," alisema Profesa Kerdoncuff, na meno yakimgongana, "baada ya kushauriana, jopo kwa sauti moja linakutangaza kuwa daktari wa sayansi ya lugha. Profesa Wendling anaomba iongezwe kwamba swali lake limejibiwa, kwamba alikuja akiwa hana tumaini hilo, na kwamba hayo yaliyosemwa ni lazima yaingie kitabuni kabla hujayasahau."

Jamani! Sijui nikwambieje. Kimya kile kilichobanwa mchana kutwa kilipasuka kwa mpigo. Kofia zilikwenda juu, mbwa wakabweka, padri akambusu muuza mkate, Maublanc akalia waziwazi. Gombaud alipiga makofi akitazama sakafu, mwekundu mpaka masikioni. Profesa Wendling alipewa glasi ya pineau, akasema yeye hanywi, akanywa, wakamjazia, maana huku glasi tupu ni matusi kwa mgeni. Mwenyekiti hatimaye akaushika mkate wake wa nyama kwa mikono yote miwili.

Ndipo Bi Armande akatokea jikoni. Mama huyo wa miaka themanini na nne alikuwa mle tangu asubuhi akiwasaidia wawindaji, anamgeuza nguruwe. Alikuja moja kwa moja na upawa wake mkononi mpaka mbele ya mwenyekiti.

"Bwana," akasema.

"Naam, mama?"

"Sema tena."

"Samahani?"

"Nilikuwa natoa sinia kwenye moto, mafuta yanalia, sikusikia. Ulisema nini juu ya mwanangu? Sema tena. Na jina lake."

Profesa Kerdoncuff alimeza tonge. Akaupangusa mdomo, akafunga vifungo vya koti, akawaashiria watu. Ukumbi mzima ukasimama tena, na Profesa Wendling naye, glasi mkononi. "Ghislaine Brangier," akasema, na akasema yote, polepole, hakuruka kitu.

Bi Armande alisikiliza akitikisa kichwa, midomo yake ikiyafuata maneno. Ghislaine alikuwa analia na kucheka, hajui kipi ni kipi.

"Tena," alisema Bi Armande.

Mwenyekiti akaanza tena, na safari hii hakuwa peke yake. Wawindaji walikuwa wameshayashika maneno, wakayasema pamoja naye, na sauti ya Norbert ilikuwa juu kuliko zote, mpaka kwenye neno daktari, ambapo ilikatika akashindwa kuendelea.